Paja la Mwenye Kitongo

Mwatum alikuwa mwalimu aliyeogopa darasa. Chuoni mjini alifuzu vizuri, ila sauti yake, wakisema wenzake, ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alipopangiwa skuli ya Muyuni alikaa kwa bibi yake, Bi Mwanakheri, mwenye kitongo kilichozungushiwa ukuta wa mawe: mbele kunde, nyuma kichaka. Ardhi yote siku hizo ilikuwa ya Serikali, na Mwatum ndivyo alivyofundisha darasani. Nyumbani hakuthubutu kulirejea somo hilo.

Kichakani mlikuwa na paa, na kila kukicha kunde zilipungua. Bibi akachoka, akawakodisha kichaka wasasi, wawindaji wa Kikwajuni mjini, kwa msimu mzima. Kodi ilikuwa ile ya wazee: kila paa atakayenaswa, paja moja la mwenye kitongo. Mwaka ule, 1971, mchele mjini ulikuwa wa foleni na nyama ya bahati, kwa hiyo wasasi walikubali bibi hajamaliza kusema.

Sharti lilikuwa moja. Mbwa wala wavu haviingii mpaka mwenye kitongo asimame penye pengo la ukuta, atamke kwa sauti ya kusikika, "Nimekufungulieni." Atakayetangulia kabla ya neno hilo amepoteza msimu wake.

Alhamisi ikaja habari kwamba mpwa wa bibi amejifungua huko Paje.

"Miye nnakwenda," alisema bibi, akifunga furushi lake la nguo. "Jumapili utawafungulia wewe."

"Mimi, bibi? Hawatanisikia."

"Watanyamaza. Wana njaa."

Mwatum hakuweza kumwambia bibi kwamba nyuma ya choo alikuwa akionana na paa mmoja jike na mtoto wake, mwenye masikio makubwa kuliko akili. Kwa wiki kadhaa amekuwa akiwawekea maganda ya muhogo, huku akijiambia kuwa anachunguza maisha ya wanyama. Mtu aliyesoma hakosi jina zuri la kuupa upuuzi wake.

Basi Jumapili, baada tu ya sala ya alfajiri, alichukua debe tupu na mwiko, akaruka ukuta kwa nyuma, akaingia kichakani. Mpango wake ulikuwa kuwafukuza paa wakimbilie kwingine kabla wasasi hawajafika. Ulikuwa mpango mzuri mpaka alipouanza. Aligonga debe polepole, asije akawaamsha majirani. Paa jike alimtazama. Mtoto alisogea karibu, akidhani yameletwa maganda.

"Nendeni," Mwatum aliwanong'oneza. "Tafadhalini."

Akarudi nyuma ili apate nafasi ya kuwatisha vizuri, akajikwaa kwenye jiwe, akaangukia kitu kilicholegea, kikamzunguka mwili mzima. Debe likabiringika kwa kelele ambazo yeye mwenyewe asingethubutu kuzipiga, na paa wakatokomea. Mbwa wakabweka upande wa pili wa ukuta.

"Kimenasa!" sauti ya mzee ikapiga kelele. "Tena kikubwa!"

"Kisu, kisu, kisije kikafa kibudu!"

"Ngoja wewe Silima. Mbona paa huyu kajifunga kanga?"

Aliyeruka ukuta na kuinama juu yake alikuwa Mabrouk, fundi wa baiskeli na mkubwa wa wasasi. Mwatum, aliyelelewa vyema, akatoa kichwa kwenye tundu la wavu.

"Shikamoo, Mzee Mabrouk."

"Marahaba, Bi Mwalimu."

Mbwa mmoja akamlamba shavu.

"Sasa kodi tukate paja lipi?" akauliza Silima, na wenziwe wakacheka mpaka wakashika mawe.

"Hebu nyamaza, mtovu wa adabu," alisema Mabrouk, naye akijizuia. "Haya mwanangu, maadamu umeshaingia, tufungulie tuanze."

Wote wakamtazama. Neno "karibuni" likampanda kooni, kama linavyompanda kila anapotaka kukataa. Akainama kujinasua mguu, na hapo ndipo akauona wavu kwa akili timamu.

"Sijafungua," alisema.

"Wasemaje?"

"SIJAFUNGUA! Na wavu mshatega!"

Kuku wa jirani wakaruka. Mwatum mwenyewe aligeuka kutazama nani aliyesema.

Mabrouk akautazama wavu, kisha miguu yake. "Tulitega jana magharibi," alisema taratibu. "Tuliona... sauti yako, mwanangu, kama ipo au haipo ni mamoja."

"Basi msimu wenu umekwisha." Kisha, kwa kuwa machozi yalishamlenga na hakuwa na neno jingine la ukali, akaongeza, "Samahanini. Chai ipo."

Wakanywa chai yote na mkate wa kumimina wa wiki nzima, wakaondoka na mbwa wao. Mwatum akaliosha shavu lililolambwa na mbwa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa.

Bibi aliporudi kutoka Paje alisikia habari mlangoni.

"Umewafukuza wasasi wewe?"

"Mimi, bibi."

Bi Mwanakheri akamkagua kama anayekagua noti mpya. Kisha akaenda shambani, akakuta vijiti vitupu vimesimama kwenye matuta.

"Na kunde zangu?"

"Nimezila mimi."

"Majani mabichi?"

"Mabichi, bibi."

Bibi akainama, akaokota kinyesi cha paa juu ya tuta, akakigeuzageuza, akakitupa.

"Haya," alisema. "Kesho alfajiri uje unimalizie na magugu."