Treni Juu ya Meza ya Kukatia

Hebu niambie, umewahi kumwona bibi mwenye wajukuu amepiga magoti kitini, shavu limelala mezani, anachungulia uvunguni mwa treni ya kuchezea? Basi ndivyo alivyokuwa fundi cherehani mmoja asubuhi hiyo, nguo za wateja zikimngoja.

Kichwa hicho cha treni alikipata kwenye rundo la mitumba, kimefungwa pamoja na reli zake na kisanduku cha umeme. Muuzaji aliapa kwamba kinatembea. Kweli kilitembea, ukikisukuma. Lakini mama huyu alikuwa na hamu nacho tangu utotoni. Kaka yake alikuwa na cha kwake, na yeye, kwa kuwa ni wa kike, hakupewa kukiendesha hata mara moja.

Kaka mtu, dereva wa lori aliyestaafu, akaja bila kuitwa. Akaketi, akaamua kwamba kinataka mafuta. Dada akamjibu kuwa mafuta yamezidi, ndiyo yaliyogandisha vumbi. Akaifuta mota kwa spiriti, akachomoa kwa sindano nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye magurudumu, kisha akavitoa vile vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye mota. Vilikuwa vimelika, vimebaki kama chenga za mchele.

"Hapo umekwama," kaka akasema. "Hicho kizee kikazikwe."

"Tukianza kuzika vizee, kaka, utatangulia wewe."

Akafungua droo, akatoa kaboni za akiba za mota ya cherehani. Nene mno. Akazisugua kwenye msasa, anapima, anasugua, anapima tena, mpaka zikaingia vitunduni mwake, hazibani wala hazichezi. Akarudisha springi, akakaza skrubu, akakiweka kwenye reli alizozitandaza mezani.

Kabla hajageuka, kaka alishawasha kisanduku na kuzungusha kitufe. Kichwa kikashtuka, kikanguruma, hicho! Kikaupita mkasi, kikapinda nyuma ya cherehani, kikarudi mbio. Dada alipiga makofi kama mtoto. Kaka alicheka mpaka machozi, mkono haubanduki kwenye kitufe. Akaongeza mwendo. Konani kichwa kikaacha reli, kikalala ubavu.

"Hebu kirudishe, tuendelee," kaka akasema, bila hata kugeuza shingo.

Mkono wa dada ulishanyooka. Ukasimama hewani, ukarudi mapajani.

"Kirudishe wewe, kaka. Mimi nataka kuendesha. Tangu tuko wadogo, nilikuwa nataka kuendesha."