Simu Iliyopumzika Jumapili

Asubuhi ambayo simu ya Lea ilitakiwa kuwa mali yake kabisa, ilimwandikia kwamba bado siku hamsini na mbili.

Ilikuwa Jumanne. Lea, ambaye soko zima la Mwanjelwa, pale Mbeya, linamwita Mama Eveline, alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake ya maharage, baridi bado imemkamata vidoleni. Alilipa shilingi elfu moja na mia mbili, akaokota punje moja ya maharage ya njano, akaitia kwenye kopo tupu la siagi. Ndivyo alivyofanya tangu alipoichukua ile simu ya mkopo mwaka mmoja uliopita: akilipa, punje moja ndani ya kopo. Shule yake iliishia darasa la saba kule Igowole. Hesabu za karatasi zilimchenga, lakini punje zilikaa pale alipoziweka. Basi akaifuta simu kwa ncha ya kitenge, akangoja imwambie hongera, mama, umemaliza. Simu ikaguna kidogo. "Asante. Zimebaki siku 52."

"Zabron," alimwita muuza viazi wa meza ya jirani, "hebu nisomee hapa. Ni hamsini na mbili au ishirini na tano?"

Zabron aliipokea simu kwa vidole vyenye udongo. "Hamsini na mbili. Pole, Mama Eveline. Umeongezewa kifungo."

"Kwa kosa gani?"

"Hakimu hajasema."

Lea alimwaga kopo lote juu ya kitenge. Alihesabu kumi kumi, akimfukuza kila mteja aliyetaka kumchanganya kwa kuuliza bei. Mia tatu kumi na tatu. Akarudia. Mia tatu kumi na tatu vilevile.

"Sasa mwaka una siku ngapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Mia tatu sitini na tano, tangu niko shule," alisema Zabron. "Kopo lako lina upungufu wa hamsini na mbili. Simu haijakuibia, inakubaliana na kopo."

"Labda panya amekula."

"Panya wako ni wa ajabu. Anakula siku, maharage anayaacha."

"Lakini mimi nimelipa kila siku! Zabron, wewe shahidi. Hata nilipougua tumbo, si nilikutuma ukanilipie?"

"Ulinituma. Na chenji hukunipa."

Zabron alirudi kwa viazi vyake akicheka. Lea hakucheka. Zile siku hamsini na mbili zilimwasha kama upupu. Deni lenyewe angelilipa, alikwishazoea. Alichotaka kujua ni wapi siku zinakokwenda mtu akiwa amelipa kila siku. Na alitaka kujua kabla ya Alhamisi.

Maana Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya Eveline. Binti yake huyo wa kwanza, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa Igowole akishona nguo kwenye chumba cha fundi Faustina, kwa cherehani ya fundi Faustina, na kila gauni wanagawana. Kwa mwaka na nusu Eveline alikuwa ameweka laki moja na ishirini ya kununulia cherehani yake mwenyewe. Jumapili iliyopita simu ya Lea ilikuwa imefunga kama kawaida yake, kwa hiyo Eveline alimpata Jumatatu.

"Mama, kuna wakala anakuja huku Alhamisi," alisema, sauti imempanda kwa furaha. "Simu kubwa, kamera yake balaa. Mkataba wa miaka miwili. Natoa kianzio laki na ishirini, halafu kila siku elfu moja na mia tisa tu. Naweka mishono yangu mtandaoni, wateja wanakuja wenyewe."

"Na cherehani?"

"Cherehani itanunuliwa na simu. Mama, nahitaji mdhamini tu. Utatumiwa ujumbe, unajibu NDIYO. Basi."

Lea hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atafikiri. Na sasa angefikirije, kama mkataba wake mwenyewe haujui unavyokwenda?

Saa nne aliacha meza mikononi mwa Zabron, akavuka barabara hadi duka la Jashoda, mama mmoja wa Kihindu aliyekuwa anauza simu, redio na betri tangu enzi za mume wake. Wengi humwita Mama Akash. Alikuwa na mteja, hivyo Lea akakaa kwenye stuli akitazama kalenda kubwa ya ukutani, yenye picha ya maua na miezi yote kumi na miwili. Siku za kazi zilikuwa nyeusi. Jumapili nyekundu.

Lea alizitazama zile nyekundu. Akaanza kuzihesabu kwa kidole hewani, mwezi wa kwanza nne, mwezi wa pili nne. Alipofika Desemba mkono ukamshuka wenyewe.

"Mama Akash," akasema, "Jumapili ziko hamsini na mbili."

"Ndiyo, mama. Kila mwaka."

"Kumbe na Jumapili ni siku!"

Jashoda na mteja wake waligeuka pamoja kumtazama.

Isionekane kwamba Lea ni mjinga. Pale sokoni kina mama wana mchezo wa kupeana pesa, na kila mmoja hutoa elfu mbili kila siku. Kila siku hiyo, kwa mtu yeyote wa mchezo, ni Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili hakuna anayekusanya, hakuna anayedaiwa. Kwa hiyo wakala aliposema "unalipa kila siku, mwaka mmoja, simu yako", Lea aliisikia ile kila siku anayoijua. Na Jumapili simu ilipofunga, haipigi, haipokei, imebaki kioo cheusi na kitufe kimoja cha kulipia, yeye aliona ni utaratibu mzuri. Aliwahi hata kuwasifia wenzake usharikani: simu hizi za mkopo zina adabu, Jumapili zinapumzika. Jumatatu analipa, inaamka.

Jashoda alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaona uso wa Lea, akaacha.

"Usiwe na haya. Hata mimi duka nafunga Jumapili. Lakini hii yako hapa," aliipindua simu, "mimi nauza laki mbili na thelathini na tano."

"Kwa siku?"

"Kwa kununua, mama! Unaweka pesa, unaondoka."

Wakachukua kikokotoo. Lea alitaja, Jashoda akabonyeza. Kianzio elfu sitini. Elfu moja na mia mbili mara mia tatu sitini na tano. Jumla laki nne na tisini na nane elfu.

"Simu mbili," alisema Jashoda, "na chenji unabaki nayo."

"Nifanyie kwa punje," alisema Lea.

"Kwa nini?"

"Punje. Maharage. Baada ya kile kianzio, punje ngapi zinatosha kununua simu yako?"

Jashoda akabonyeza, akazidi kumtazama kwa hamu. "Mia moja arobaini na sita."

Basi ndipo Lea alipoliona kopo lake lote kwa jicho jingine. Punje mia moja arobaini na sita ni simu. Mia mbili kumi na tisa zilizobaki, mpaka zitimie mia tatu sitini na tano, ni kitu gani?

Alikwenda kumuuliza Sedekia, wakala aliyempa ile simu, bado yuko pale pale chini ya mwavuli wake. Hakwenda kugomba. Alitaka kusikia atasemaje.

"Hiyo ni bei ya kutosubiri, mama," alisema Sedekia bila kuona aibu. "Ungesubiri, ungelipa kidogo. Mimi nilikupa simu siku ile ile, mfukoni una elfu sitini. Nilikudanganya?"

"Hukunidanganya. Ila hukuniambia Jumapili."

"Hukuniuliza."

Lea aliona hapo pana ukweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko uongo. Tena kuna jambo jingine hakutaka kulificha: ile simu ilimsaidia. Kwa picha za maharage alizopiga nayo alimpata mpishi wa shule moja ya Iringa, anayechukua magunia mawili kila muhula. Bila simu angempata? Alijiuliza njia nzima akirudi kwenye meza yake. Labda angempata miezi mitano baadaye. Labda asingempata kabisa. Hakuweza kujua, na kutojua huko kulimkosesha raha.

Jumatano alfajiri alipanda basi la Iringa, kopo liko ndani ya kikapu. Aliteremka Mafinga, akapata gari la Igowole, na saa nane alikuwa mlangoni kwa fundi Faustina, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati.

"Kamwene," alisalimu.

"Kamwene, mama! Umekuja na msiba?" Eveline aliruka kutoka kwenye cherehani.

"Nimekuja na maharage."

Walipobaki peke yao alimwaga punje juu ya meza ya kukatia nguo, akamweleza binti yake yote, na zile Jumapili pia. Eveline alicheka kama Jashoda alivyocheka. Kisha akanuna.

"Kwa hiyo umekuja kunikataza. Wewe unayo, mimi nisiwe nayo."

"Sijakukataza. Umesoma mpaka kidato cha nne, mimi sikufika. Nihesabie ya kwako kama tulivyohesabu ya kwangu. Nimemuuliza Mama Akash, dukani kwake simu hiyo unayoitaka ni laki sita na ishirini."

Eveline alivuta chaki ya kushonea, akaandika pembeni mwa meza. Mia tisa hapa, elfu moja pale. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Lea alimtazama mdomo ukichezacheza na tarakimu, kama alipokuwa mdogo.

"Milioni moja laki tano na elfu saba," alisema Eveline polepole. "Na kwa punje zako..." Akaandika. "Mia mbili sitini na tatu na ushee ndizo simu. Zinazobaki mia nne sitini na kitu."

"Ni za nini?"

"Za kutosubiri."

"Na Jumapili huku unashona?"

"Mama, Jumapili fundi Faustina anafunga na kufuli. Unajua."

"Basi Jumapili utalipa kwa kazi ipi?"

Eveline akauliza la kwake: "Ungeambiwa yote haya siku ile, usingeichukua?"

Lea alifikiri kwa uaminifu. "Sijui, mwanangu. Labda ningeichukua. Lakini ningeichukua najua, na Jumapili ningelipa. Ya miaka miwili je? Hata simu yenyewe itakuwa imechoka kabla hujaimaliza." Akarudisha punje ndani ya kopo. "Ujumbe ukija nitajibu ndiyo. Laki na ishirini ni ya jasho lako. Ila usiingie kama nilivyoingia mimi."

Alirudi Mbeya Alhamisi asubuhi, kabla wakala hajafika Igowole. Siku nzima simu aliishika mkononi. Ujumbe wa udhamini haukuja. Ijumaa haukuja. Jumamosi Zabron akamwambia, "Furahi basi, ameacha," lakini Lea alikuwa na wazo jingine lililomnyima usingizi: labda fundi Faustina amemdhamini. Labda mtoto amechukua bila yeye, na cherehani imekwenda. Alimpigia mara mbili. Iliita tu, ikakatika. Ninyi wenye watoto wakubwa mnaijua simu inayoita hivyo.

Jumapili, kabla ya kwenda ibadani, Lea alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alilipa. Alitaka zile hamsini na mbili ziishe upesi. Simu ikabaki macho. Akaitia ndani ya mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo, akaenda kukaa benchi la tatu kutoka mbele.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri simu ilipolia. Ililia kwa ule mlio mkubwa wa sokoni, uliowekwa ushindane na mashine za kusaga. Lea aligeuka pamoja na wengine kutafuta ni ya nani huyo asiye na adabu. Kisha akaona mkoba wake mwenyewe unatetemeka. Mwaka mzima hakuwahi kujifunza kuinyamazisha Jumapili, ilikuwa inajinyamazisha. Alibonyeza hapa, ikalia. Alibonyeza pale, ikalia zaidi. Mchungaji alinyamaza, akasubiri kwa upole. Lea akatoka mbio ameikumbatia kifuani.

"Mama?" Ilikuwa Eveline. "Nilijua imefunga! Nilikuwa najaribu tu."

"Umechukua?" Lea alikuwa anahema. "Niambie tu. Umechukua ile simu?"

"Nilimuuliza wakala, kila siku ni pamoja na Jumapili? Akasema hata Krismasi, dada. Nikamwambia nitamtafuta."

"Sasa kwa nini hukupokea simu zangu?"

"Nilitaka nijue kwanza kama naweza. Nimetafuta kopo, mama. La siagi, kama lako. Nimetia elfu moja na mia tisa Alhamisi, Ijumaa, na jana. Nikiweza, baada ya mwaka na wiki chache nanunua simu dukani, na laki na ishirini inabaki ya cherehani. Nisipoweza, basi hata mkataba nisingeuweza."

Lea aliegemea ukuta wa kanisa. Ndani walikuwa wameanza wimbo.

"Na leo umetia?"

"Leo?" Eveline alishangaa. "Mama, leo si Jumapili?"