Mtamba wa Kisioki

Ukimpasua jirani yako kichwa, faini unampelekea nani? Usicheke, fikiri kwanza. Babu yetu Lomayani alifikiri, na kwa watu wa Ngaramtoni wa enzi ile ya Mjerumani alifikiri sawasawa.

Ugomvi ulikuwa wa mfereji. Kisioki aliyageuzia maji shambani kwake na zamu haikuwa yake. Lomayani akampiga rungu, damu ikachuruzika mpaka kwenye ngozi aliyojifunga. Sasa bahati mbaya, askari wa boma alikuwa anapita. Akawapeleka Arusha wote wawili. Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, akasikiliza kupitia kwa mkalimani, akaamua Lomayani atoe faini ya rupia kabla mwezi mwingine haujaandama. Akishindwa, mnyororo.

Lomayani hakuuliza faini inapokelewa wapi. Aulize nini? Kwao aliyetoka damu ndiye anayelipwa. Rupia hakuwa nazo, ila ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wake ulimwachia mtamba mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Akamfunga majani mabichi ya suluhu shingoni, akampeleka kwa Kisioki. Wakanywa pombe ya asali. Kisioki, kichwa bado kimevimba, akatania, "Ningejua kichwa changu kina bei hii, ningekuletea mapema."

Mwezi ukaandama, na askari wakaja kumchukua Lomayani.

Kisioki alikwenda bomani mwenyewe kumtetea, akaeleza kwamba amelipwa, ameridhika, hana kinyongo. Akaambiwa faini si yake, ni ya Serikali.

Akauliza kwa upole tu, "Kwani Serikali ilipigwa wapi?"

Kwa swali hilo alichapwa viboko, akarudi nyumbani akitembea kama mzee.

Lomayani akatiwa mnyororo wa shingoni pamoja na wenzake, wakawa wanabeba mawe ya barabara. Bibi yetu Naipanoi, mkewe, alimpelekea maziwa ya mbuzi kila asubuhi, kwenye kibuyu alichokifukiza vizuri kwa kijiti cha mzeituni. Njia ilipita uani kwa Kisioki. Pale alimwona mtamba ananenepa, ngozi inang'aa. Mhindi wa dukani angemnunua siku hiyohiyo, na rupia zingetosha kumtoa mtu mnyororoni. Lakini ng'ombe wa suluhu harudishwi, wala hauzwi. Ukifanya hivyo umefungua ugomvi upya, na watu wote watajua ni nyumba gani iliyoufungua.

Basi Naipanoi alisimama, akaamkia, akauliza kidonda kinaendeleaje. Kisioki akajibu kinapona, akauliza habari za mfungwa. Akajibiwa anakohoa. Kisioki akampapasa mtamba mgongoni, wote wawili wakamtazama, kisha Naipanoi akajitwika kibuyu chake akaenda zake. Na kesho yake hivyohivyo.

Masika ikaja. Wafungwa walilala na nguo mbichi, kikohozi cha Lomayani kikashuka kifuani. Asubuhi moja Naipanoi alifika barabarani akakuta shingo nyingine kwenye pete ya mnyororo iliyokuwa ya mumewe, ya kijana asiyemjua. Askari alikipokea kibuyu, akakiangalia, akamrudishia kikiwa kimejaa. Akamwambia mumewe amekufa na wameshamzika, na kwamba deni la Serikali limekwisha.

Akarudi kwa njia ileile. Kisioki alikuwa uani anamkatia mtamba majani ya mgomba. Alipoona kibuyu kizito alielewa, akaweka panga chini. Akampa pole, akamwita "mama" kwa heshima, akamwekea kigoda. Naipanoi hakukaa. Alimwaga maziwa taratibu penye mzizi wa mgomba mpaka yakaisha, akakung'uta kibuyu, akakifunika.

"Nilitaka umuuze," akasema. "Kila asubuhi niliyosimama hapa, Kisioki, nilitaka umuuze."