Macho Makubwa ya Nasra

Nasra alizaliwa na macho makubwa, na pale kijijini Msimbati kila aliyemwona aliyasifia.

"Mashallah, Mwanakombo! Haya macho umeyatoa wapi?" wanawake waliuliza wakipokezana mtoto. Mwanakombo, mama wa miaka ishirini na miwili mwenye mtoto wake wa kwanza, alicheka tu, huku moyoni akijiona amependelewa.

Kasoro ilikuwa machozi. Tangu wiki ya tatu macho yote mawili yalikuwa yamelowa. Muuguzi wa zahanati alimwonyesha namna ya kukanda taratibu pembeni mwa pua kwa kidole kisafi. Alimwambia watoto wengi huchelewa kufunguka njia ya machozi, na kwa kawaida huzibuka yenyewe kabla ya mwaka. "Lakini ukiona jambo jipya, mrudishe," alisema. Mwanakombo alikanda asubuhi na jioni, miezi ikapita.

Mwezi Juni mumewe, Hashimu, alianza kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, kama kila mwenye shamba. Vumbi la njano likatanda hadi majumbani. Hapo ndipo Nasra alipoanza kukataa nje. Akitolewa tu mlangoni, hufumba macho na kuficha uso kwenye shingo ya mama yake.

"Ni salfa hiyo," alisema Bi Somoe, mama yake Hashimu. "Hata mimi macho yananiwasha. Muweke ndani."

Wakamweka ndani. Kwenye kiza cha chumba Nasra alifumbua macho, akacheka na kurusha miguu, na nyumba nzima ikaridhika.

Alipotimiza miezi tisa, Mwanakombo alimpeleka kwenye chanjo ya surua. Zamu ilikuwa ya Upendo, muuguzi mgeni aliyehamia kutoka Singida. Alimning'iniza Nasra kwenye mzani, akaandika kilo zake, halafu kalamu ikasimama. Mtoto alikuwa ameugeuzia mlango kisogo na kubana macho kwa nguvu zote.

"Siku zote yuko hivi?"

"Ni salfa, sista."

"Salfa mlimaliza lini kupuliza?"

Mwanakombo akafikiri. "Mwezi uliopita."

"Na bado anakimbia mwanga?"

Upendo akachukua kanga, akajifunika nayo pamoja na mtoto, kichwa kwa kichwa, akangoja. Alipotoka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama Nasra, ingia na wewe uone."

Chini ya kanga, kwenye mwanga hafifu, Nasra alikuwa amefumbua macho. Mwanakombo aliyatazama kama vile hajawahi kuyaona. Kile cheusi cha jicho kilikuwa kipana kupita kiasi, na juu yake palitanda ukungu mwembamba wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Njia ya machozi iliyoziba hulowesha jicho, basi," Upendo alisema. "Haimfanyi mtoto aogope jua. Haikuzi jicho, wala haitii ukungu. Ukiona hayo, hungoji mwaka utimie. Nakuandikia rufaa, na kesho muwe mjini kwa daktari wa macho."

Jioni Hashimu aliisoma ile karatasi akasimama. "Mtoto anayesifiwa macho kijiji kizima, leo mgonjwa wa macho?"

"Mtoe nje mwenyewe," Mwanakombo alisema. "Jua bado lipo."

Hashimu alimbeba binti yake hadi uani. Nasra akajikunja, akaficha uso kwapani mwake, machozi yakatiririka hadi shati likalowa. Hashimu akaligeuzia jua mgongo, akamtengenezea kivuli kwa kiwiliwili chake. Polepole mtoto akafumbua jicho moja. Hashimu alisimama hivyo hadi jua likazama. Aliporudi ndani alisema, "Tunaondoka alfajiri."

Mjini Mtwara, mtaalamu wa macho aliyeitwa Kasiani alimpima Nasra, kisha akapiga simu Dar es Salaam mbele yao. "Ni presha ya macho ya kuzaliwa nayo," aliwaambia. "Msirudi nyumbani kwanza. Pandeni basi la Dar."

Katika hospitali ya Dar, daktari bingwa wa macho ya watoto, Veronika, aliwakalisha chini, akawachorea jicho kwenye karatasi.

"Ndani ya jicho kuna maji. Siyo machozi, ni maji mengine. Jicho lenyewe huyatengeneza, mchana na usiku, na kuyatoa kupitia mfereji ulio mwembamba kuliko unywele. Wa Nasra haukufunguka vizuri. Maji yakaingia bila kutoka, na jicho la mtoto ni laini, likatanuka."

Mwanakombo aliutazama mchoro. Alikulia karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Alikuwa ameona mchanga ukifunga kijito na maji yakipanda hadi kwenye mashamba ya mpunga. Lakini kwamba kuna mto ndani ya jicho la mtoto, unaotiririka hata akiwa usingizini, hilo hakuwahi kuliwaza. Akajikuta anashika kope zake mwenyewe kwa ncha za vidole.

"Ukubwa ule tulidhani uzuri," alisema.

"Wengi hudhani hivyo," daktari alijibu. "Nitaufungua mfereji. Ila niwe mkweli: sehemu ya uoni iliyokwisha kuharibika hairudi. Tunaokoa iliyobaki, na ndiyo maana siku zina thamani."

Wakati wa upasuaji Hashimu alikuwa akivuta uradi, tasbihi mkononi. Mwanakombo hakuweza hata kuomba. Alikuwa akiwaza mkono wa binadamu unaokwenda kutafuta kitu chembamba kuliko unywele, na kukipata. Mlango ulipofunguliwa, Daktari Veronika alishusha barakoa, akatikisa kichwa kukubali. Hashimu alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Siku ya kumi baada ya upasuaji, asubuhi, muuguzi alimruhusu Mwanakombo kutoka na mtoto kwenye bustani ya hospitali. Alipofika mlangoni alifanya alichozoea: akamfunika Nasra uso kwa upindo wa kanga. Nasra akauvuta. Mama akaurudisha. Nasra akauvuta tena, akautupa.

Jua lilikuwa wazi kabisa. Mtoto alipepesa macho mara mbili, tatu, halafu akayaacha wazi. Ukungu ulikuwa umepungua. Aliangalia majani, akaangalia ukuta mweupe, akageuza kichwa na kumtazama mama yake. Siyo kule kutazama kwa kupapasa alikozoea chumbani. Alimtazama taratibu, kutoka paji la uso hadi kidevu, kama anayesoma. Kisha akanyoosha kidole na kugusa kipini puani mwa mama yake, palepale, bila kukosea.

Mwanakombo akakaa kwenye nyasi. Miezi tisa alimjua mwanawe. Leo mwanawe alikuwa anamjua yeye.

Jicho la kushoto halitaona kama la kulia, daktari alishasema, na kila miezi mitatu watalazimika kurudi kupimwa presha. Yote hayo aliyajua. Alichukua simu akampigia Bi Somoe.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu vipi?"

"Yuko juani," Mwanakombo alisema. "Yuko juani, mama, ananiangalia."