Kalinga Alitaka Kulazwa kwa Baba

Kabla hajakata kauli, mzee Kalinga alimshika mkono dada yake Rozalia akamwambia, "Mnilaze kwa baba." Hakusema tena.

Kwa baba ni ndani ya shamba la chai. Enzi za Mwingereza, Rozalia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, serikali ilitangaza kwamba kilima chao hakina mwenyewe. Askari wakachoma nyumba, kilima akapewa mlowezi. Uhuru ulipokuja watu walicheza ngoma, lakini kilima hakikurudi. Kilitoka kwa mlowezi kikaenda kwa kampuni, na kampuni ikakiuza kwa kampuni nyingine. Ukoo ukaishia kupanga vyumba katika mji mdogo wa Nyololo na kufanya kibarua cha kuchuma chai juu ya makaburi yao wenyewe.

Rozalia akaenda kuomba, ameongozana na Anord, mtoto wa marehemu. Meneja aliwapokea kwa adabu.

"Poleni sana na msiba, bibi. Ila nikimruhusu mmoja, kesho watakuja wote."

"Wote wamo humu tayari, baba," Rozalia akamjibu.

Meneja akainamisha macho. Mwisho akasema wanaweza kuingia wakasali, kisha watoke.

Mlinzi akawapeleka. Kalinga alizoea kusimulia kwamba baba yao amelala juu ya chemchemi, penye mawe matatu. Chemchemi imegeuzwa bwawa. Mawe hayakuwepo. Michai ilijaa kila upande, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichonyolewa.

"Shangazi, ni wapi?" Anord akauliza.

Rozalia akazunguka, akarudi, akasimama. Aliyepajua yuko mochwari. Akapiga magoti palepale alipokuwa, matope yakamlowesha kanga, akasali akiwa hajui kama anamsalia baba yake au anaisalia michai. Mlinzi akavua kofia.

Walipotoka getini Anord aligeuka akalitazama shamba. "Tutamleta kwa nguvu. Vijana wapo, majembe yapo."

"Utachimba wapi?"

"Popote! Si kwetu?"

"Ni kwetu. Na wiki ijayo watamfukua, mwanangu. Babu yako walilima juu yake. Kaka yangu sitaki afukuliwe."

"Kwa hiyo unawaachia."

Rozalia akajifunga kanga upya, akaanza kutembea.

Walimzika Kalinga kwenye makaburi ya mji, kando ya barabara kuu, kati ya watu wasiomjua. Malori ya kwenda mpakani Tunduma yaliimeza sauti ya padri. Rozalia akatupa udongo. Anord alisimama mbali, mikono mfukoni, wala hakulisogelea kaburi mpaka watu walipotawanyika.

Mwezi uliofuata Anord alihamia Mbeya, akapata kazi ya kupakua mizigo kwenye duka la Mulji, eneo la Mwanjelwa. Kila Jumapili akitoka kanisani Rozalia humpigia simu. Inaita mpaka inakatika, naye huirudisha kwenye pindo la kanga na kwenda kuinjika ugali wake peke yake.