Mwiko Juu ya Mlango

Mume wangu Hermenegildi alikuwa mwashi, na Ifakara nzima iliijua kazi yake. Ukumbi wa parokia aliujenga yeye, na nyumba za Kibaoni ambazo kuta zake hazijapinda, nyingi ni za mkono wake. Watu walimwita Fundi hata kabla ya kumsalimia. Kwa hiyo watawa wa Kihindu walipokuja mwaka tisini na tatu kujenga hekalu la mawe kwenye kilima, njia ya kwenda Idete, hakuna aliyeshangaa Herme alipopata kazi. Aliyeshangaa ni yeye mwenyewe, siku ya kwanza, aliposikia anaitwa "wewe".

Aliyemwita hivyo ni Mzee Ponusami, mchonga mawe aliyeletwa kutoka kusini mwa India pamoja na wachongaji wenzake wawili. Wale wawili aliwaita mafundi. Sisi wengine wote, wabeba mawe, wachota maji na mwashi wangu mwenye jina lake mjini, tulikuwa "wewe" na "yule". Herme alirudi nyumbani amenuna. Nilimwambia Mhindi hajui Kiswahili, asilitie moyoni. Akasema neno fundi analijua vizuri sana.

Mimi nilikuwa mpishi wao. Watu wanisamehe, lakini kazi ile ilikuwa ngumu kuliko ya kuchonga. Hawali nyama, hawali samaki, na huku tuko Kilombero, mahali ambapo mtu akikosa perege anaona kama hajala. Hata kitunguu hawagusi, wala kitunguu saumu. Wiki ya kwanza Mzee Ponusami alikaa jikoni kwangu akinionyesha kimoja kimoja: hiki hapana, hiki hapana, hiki hapana kabisa. Nilichoka. Nikamwambia, "Basi, Mzee, nimeelewa. Vyote hivi kwako ni mwiko." Alilipenda neno hilo. Alilirudia akitoka, mwiko, mwiko, na tangu siku hiyo akawa analitumia kwa kila kisichoruhusiwa. Kuingia na viatu, mwiko. Kutema mate karibu na mawe, mwiko.

Siwezi kusema uongo, kazi yao ilikuwa nzuri mpaka inatia uchungu. Hawakuwa na mashine hata moja, ni nyundo na tindo tu, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama nyuma ya milima. Mzee aligonga kila jiwe kabla ya kulikubali, akitega sikio, kwa sababu jiwe zima lina mlio wake na jiwe lenye ufa linajibu vibaya. Yaliyokataa kulia aliyaachia wabeba mawe wajengee choo. Yaliyolia aliyachonga miezi na miezi, mpaka mkonga wa tembo ukatokea, au jani, au mnyororo wenye pete zinazocheza, wote kutoka kwenye jiwe moja. Nilikuwa nasahau dengu motoni kwa kutazama. Mimi ni Mkatoliki na nitakufa Mkatoliki, ila siku nyingine nilipita mbele ya zile nguzo nikajikuta nafanya ishara ya msalaba.

Na yote yalipangwa makavu, bila saruji. Saruji ilikuwapo ghalani, ya kujengea vyumba vya watawa, lakini hekaluni haikufika. Mawe yalichongwa yakakutana, na Mzee alipitisha wembe kwenye kila kiungo. Wembe ukiingia, jiwe linashushwa, linachongwa tena.

Herme hilo lilimshinda. Aliona uzuri, hakuwa mjinga, lakini alikuwa amelala na kuamka na saruji maisha yake yote. Kila siku aligombana na Mzee juu ya jiwe la juu ya mlango. Ukutani sawa, alisema, lakini pale watu watapita chini yake, na watoto wao. Pale lazima saruji. Mzee alitikisa kichwa ile namna yao ambayo hujui ni ndiyo au siyo.

Pamoja na ugomvi huo, Mzee alimpa tindo. Alianza kwa kusawazisha mawe ya sakafu, kisha kingo, kisha mwaka wa tatu akapewa hilo hilo jiwe la juu ya mlango alichonge ua katikati. Wahindi wana ua lao la majini. Herme alichonga yungiyungi la mabwawa yetu, lile ambalo tumelichuma tangu utoto, na Mzee alipoliona alipitisha kidole kwenye kila petali wala hakusahihisha kitu. Lakini bado akasema, "Wewe, kunywa chai." Mume wangu alikuwa na miaka hamsini, na nilijua kwamba hakuna alichokitaka duniani kama kusikia neno moja kutoka kinywani mwa yule mzee.

Siku ya kulipandisha jiwe, Mzee aliamka na malaria. Wale wachongaji wawili walikuwa mlimani wakichagua mawe. Gari la watawa lilikuwa limewashwa kumpeleka hospitali, naye anatetemeka ndani ya blanketi, akaomba kwanza apitie mlangoni. Akagonga kwa kiganja mahali ambapo jiwe litakaa, upande huu na upande ule. "Jiwe weka," alimwambia Herme. "Hapa mwiko. Hapa mwiko. Sikia vizuri."

Herme alisikia vizuri sana. Alikuja jikoni anacheka peke yake, akaniambia mzee amekubali, ugomvi umekwisha, juu ya mlango patapita mwiko. Akautoa mwiko wake wa uashi kwenye mfuko aliouhifadhi miaka mitatu, akaufuta kwa shati. Nilifurahi naye. Wabeba mawe wakachanganya saruji, wakalivuta jiwe kwa kamba na magogo, naye akalilaza juu ya udongo wa saruji safi, kiungo kimenyooka. Alikuwa anaimba nyimbo za Kipogoro.

Mzee alirudi siku kadhaa baadaye, amekonda zaidi. Alipoona mstari wa kijivu juu ya mlango alisimama. Hakupiga kelele. Aliweka mkono ukutani, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Nani kasema saruji?"

"Wewe, Mzee," Herme alisema. "Ulisema mwiko." Akauinua mwiko wake aone.

Mzee aliutazama kama kitu kilichotoka mwezini. "Hii mwiko?"

"Ndiyo mwiko."

"Hapana. Mwiko samaki. Mwiko kitunguu. Mama Digna kasema."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nasonga ugali wa wabeba mawe, na mkononi nimeshika ninachosongea. Mmoja wao akaniuliza kwa upole wa uongo, mama, na hicho chako kinaitwaje? Wakaanza kucheka mpaka wengine wakaketi. Wako waliosema baadaye kwamba kosa ni langu. Sikubali mpaka leo. Lugha hii niliikuta, sikuitunga mimi.

Herme hakucheka. Alikuwa ameshaelewa.

Walijaribu kulishusha jiwe bila kuliumiza. Saruji ya mume wangu haikuwa ya kubandua. Alikuwa mwashi hasa, na siku ile uashi wake ndio uliomponza. Tindo ilipoingia kwenye kiungo, petali mbili zilikatika, kisha jiwe likalia vibaya na ufa ukapita katikati ya yungiyungi. Herme aliuokota mfuko wake, akashuka kilima bila kuaga. Nyumbani alikaa uani siku ile na iliyofuata, na wateja waliokuja kumwita akawajengee aliwaambia ameacha. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa maneno, na mimi maneno hayanipigi chenga.

Siku ya tatu Mzee Ponusami akaja kwetu Kibaoni kwa miguu. Alikuja na shuka lake jeupe, kifua wazi, homa ndiyo kwanza imemwacha, na watu wa mtaa wakatoka wote kumwona. Alikataa kiti. Alichuchumaa mbele ya mume wangu, akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na tindo yake mwenyewe, ile ya baba yake, ambayo hata wale wenzake wawili hawakuwahi kuigusa.

"Jiwe lingine iko," alisema. "Nimegonga. Inalia vizuri."

Herme alisema hawezi tena. Mzee akaiweka tindo magotini pa Herme, akanigeukia, akaomba chai.

Kazi ile ilichukua kiangazi chote. Herme alichonga yungiyungi la pili, na mimi nisiyejua kuchonga niliona kwamba la kwanza lilikuwa zuri na hili lilikuwa hai. Viungo alivisugua kwa mchanga na maji, akapima, akasugua tena, mpaka vidole vikachubuka. Mwiko aliuacha nyumbani. Watu wa kilimani wakawa wanamwita Fundi Mwiko kumtania, naye akaendelea kusugua.

Walilipandisha asubuhi, mavumbi ya kiangazi yakiwa bado hewani. Jiwe likashuka mahali pake, likatoa sauti ndogo, likatulia. Mzee alipanda ngazi akiwa na wembe. Aliupitisha upande wa kushoto, polepole, akajaribu tena kwa pembe. Akahamia kulia. Mimi nilikuwa nimeacha jiko, acha viungue, nimesimama chini nikimwomba Mama Maria kwa ajili ya mlango wa hekalu la watu wengine.

Wembe haukuingia popote. Mzee aliufunga ndani ya karatasi yake, akapiga kiganja juu ya kiungo, upande huu na upande ule, kama siku ile ya homa. Kisha akamtazama mume wangu aliyeshika ngazi chini.

"Hapa mwiko, fundi," alisema.