Jicho la Chumba cha Pili

Kidole gumba cha Mzee Matano kilitua juu ya rimoti, kikatetemeka, kikabonyeza. Picha haikubadilika. Akabonyeza tena, akikaza mpaka midomo, kisha akaiacha rimoti juu ya shuka na kumwita bintiye.

"Abee, baba," Mwanarusi aliitikia kutoka sebuleni. Akaiacha cherehani, akaenda kuuliza anataka stesheni gani, akarudi sebuleni kuiweka.

Nyumba yao ya Mtongwe ilikuwa na king'amuzi kimoja, nacho kilikaa sebuleni. Waya mrefu ulipenya ukutani kupeleka picha chumbani kwa mzee, na kwenye ncha yake palikuwa na jicho dogo, kama kokwa ya tende, lililopokea amri za rimoti ya pili na kuzirudisha sebuleni. Alichokitazama mmoja ndicho alichokitazama mwenzake. Rashad, kaka yake Mwanarusi, ndiye aliyeyaweka hayo yote baba yao alipopatwa na kiharusi. Kisha akarejea kwake Kiembeni, na uuguzi ukamwangukia dada.

Huu ulikuwa mwezi wa saba wa kumuuguza. Kumgeuza mzee, kumwogesha, kumlisha uji, kufua, halafu nguo za watu zinangoja kushonwa. Uchovu wa Mwanarusi haukuwa tena ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umehamia mifupani. Starehe yake ilikuwa moja tu, tamthilia ya saa kumi alasiri, nusu saa. Na katika nusu saa hiyo hiyo, rimoti ya mzee ilipokuwa ingali ikitii, picha ilikuwa ikimruka machoni: mpira, habari, mawaidha. Mzee hakujua kwamba akibadilisha kwake anabadilisha na sebuleni, na bintiye hakuwahi kumwambia.

Siku moja, mwanamke wa kwenye tamthilia akiwa ndiyo kwanza anaifungua barua aliyofichwa miaka mingi, picha ikarukia ndondi. Mwanarusi aliingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, akauzima umeme unaolilisha lile jicho. Alijiambia ni kwa nusu saa. Ikawa wiki tatu. Kuitwa kulimchosha zaidi, lakini mtu akiitwa aweza kuchelewa kuitika; rimoti haikujua kuchelewa.

Rashad alipopata habari za rimoti kwa simu, alimtuma fundi bila kuuliza. Fundi huyo, Kombe, mtu mzima mwenye maneno machache, alifika mchana, akamwamkia mzee, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitia betri mpya. Akaielekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza, na taa ndogo ikamulika kwenye kioo cha simu. Rimoti nzima, alisema. Kisha akaliinamia jicho.

"Usijisumbue, mwanangu," Mzee Matano alisema. "Kifaa hakina kosa. Ni vidole hivi. Vilikuwa vimeanza kurudi, sasa vimekufa tena."

Mwanarusi, aliyesimama mlangoni na sinia ya chai, alihisi sinia ikizidi uzito. Alikumbuka mpira wa kitambaa ambao muuguzi wa zahanati alimpa mzee aufinye kila asubuhi. Alikuwa ameuona chini ya kitanda, akauokota, kesho yake akaukuta chini tena. Alidhani ni ukaidi wa wazee. Alikuwa amechoka mno kuuliza.

Kombe alikwenda sebuleni, akapekua mipangilio, akasita. "Umeme wa jicho umezimwa," alisema kwa sauti ya chini. "Huu hauzimiki wenyewe." Alimtazama Mwanarusi kidogo, akauwasha, akaanza kukusanya vyombo vyake. Angeweza kuagana na kwenda zake, na siri ile isingemtoka.

Mwanarusi alirudi chumbani peke yake.

"Baba, vidole vyako havina neno. Mimi ndiye niliyezima."

Nje fundi alikuwa akivaa viatu.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Kwa nini?"

Alimweleza, na alipokuwa akieleza, tamthilia, barua na ndondi vilimsinyalia mdomoni. Hakutaja miezi saba. Mzee alikuwa akiutazama mkono wake uliolala juu ya shuka, kama anayemtazama mtu aliyemsingizia.

"Nilikwisha kuuaga," alisema. Kisha akageukia ukuta, na Mwanarusi akaona heri amwache.

Alasiri ile hakuwasha televisheni. Alishona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena. Saa kumi kasoro dakika chache mzee aliita. Mwanarusi alipoingia, alimkuta ameegemea mto, rimoti mkononi, uso haujafunguka.

"Kaa. Nitajie namba ya hiyo tamthilia yako."

"Nipe mimi, baba, nitai—"

"Nitajie."

Akakaa. "Moja, sita, nne."

Kidole kilipanda, kikatafuta, kikabonyeza. Moja ikatokea pembeni mwa kioo. Kikaanza safari ya kuifuata sita, polepole, kikitetemeka, kikapita, kikarudi. Mikono ya Mwanarusi ilinyanyuka yenyewe; akaikalia. Moja ilingoja, ikachoka, ikafutika.

Mzee alivuta pumzi, akaanza upya.